Kumi ila moja: alama ya kutoa kutoka Baghdad hadi daftari lako



Najua. Umeona alama za hesabu ukataka kufungua ukurasa wa mapishi. Subiri kidogo, sambusa hazikimbii. Makala hii ni ya historia, lakini ni historia ya kitu kidogo sana, kamstari kamoja kalikolala, kale tunakokaita mainasi. Kamstari haka kameangusha watoto wetu wengi kwenye mtihani, na kabla yao kaliwasumbua wanazuoni wakubwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kwa hivyo ukikosea si wewe wa kwanza.

Nianze na kisa. Ramadhan moja nilikuwa nikisomesha vijana hesabu baada ya Asr, bure, kwenye chumba cha madrasa mtaani kwetu. Kijana mmoja wa kidato cha tatu akaja na swali ambalo kila aliyepitia shule za Kenya analijua: jaza jedwali la y = −x² + 2x + 3, kuanzia x ikiwa −3 mpaka x ikiwa 4, kisha chora grafu. Upande wa kulia alijaza vizuri. 3, 4, 3, 0, −5. Upande wa kushoto, pale x inapokuwa hasi, akapata 6, kisha 3, kisha 2. Akachora. Badala ya kilima kizuri chenye kilele kimoja, akatoa kitu kinashuka, kinapanda, kinashuka tena. Akaniambia, "Mwalimu, hii si grafu, hii ni nyoka."

Nikamuuliza ameipataje ile 3 pale x ilipokuwa −2. Akanionyesha kalkuleta. Alibonyeza −2², kalkuleta ikampa −4. Kisha akaona kwenye swali kuna mainasi nyingine imetangulia mbele ya x², akasema mainasi mbili zinakuwa plasi, basi ni 4. Toa 4 ya 2x, ongeza 3, jibu 3. Ukimsikiliza, kila hatua yaonekana ina akili. Na jibu si sahihi.

Kisha akasema neno ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Akasema, "Mwalimu, hizi hesabu si zetu sisi. Ni za wenyewe."

Sasa hapo, ndugu yangu, nilishindwa kunyamaza.

Hebu tuchukue maneno ya Kiswahili tunayoyatumia kila siku. Hesabu. Sifuri. Mali. Deni. Zaidi. Nakisi. Ila. Hayo yote yana asili ya Kiarabu, na yote saba, narudia, yote saba yametumika kama maneno ya kazi katika vitabu vya hesabu vilivyoandikwa Baghdad na miji jirani zaidi ya miaka mia nane iliyopita. Kijana yule alikuwa amebeba kamusi nzima ya aljebra kinywani mwake, na hajui.

Tuanze na Muhammad bin Musa Al-Khawarizmi. Alifanya kazi Baghdad zama za khalifa Al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833. Katika miaka hiyo aliandika kitabu kifupi juu ya hesabu ya al-jabr na al-muqabala. Neno aljebra latoka hapo. Jabr ni kuunga, kama anavyounga mfupa mtu aliyevunjika mkono. Kwa Kihispania cha zamani mganga wa mifupa aliitwa algebrista, kwa asili hiyo hiyo. Na sehemu kubwa ya kitabu chenyewe, karibu nusu, ni maswali ya wasia na mirathi: fulani amefariki ameacha wana kadhaa, ameusia kadha, kila mmoja apate nini. Hakuandika ili kutesa watoto wa shule. Aliandika kwa sababu watu walikuwa na mali ya kugawa na walitaka igawanywe kwa haki.

Hakuwa na alama yoyote. Hakuna +, hakuna −, hakuna x. Kila kitu alikiandika kwa maneno. Kile ambacho sisi twakiita x, yeye alikiita kitu, au mzizi. Kile tunachokiita x², alikiita mal, yaani mali. Na pale sisi tunapoandika 10 − x, yeye aliandika "ashara illa shay", ambayo kwa Kiswahili ni "kumi ila kitu". Sikutafsiri sana hapo, waona mwenyewe. Ila ni ile ile tunayotumia tukisema wamekuja wote ila Fatma.

Na sisi tuna lugha nyingine ya namna hiyo. Mtu akikuuliza saa wasema saa mbili kasorobo, saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Mswahili hutoa bila kujua anatoa. Anasimama kwenye saa kamili kisha anasema imepungua nini. Hiyo ndiyo njia ya Al-Khawarizmi hasa.

Sasa sikiliza alivyofanya. Ndani ya kitabu chake anazidisha "kumi ila moja" mara "kumi ila moja". Wewe na mimi twajua kumi ila moja ni tisa, na tisa mara tisa ni 81. Hakuna ubishi. Lakini yeye anataka kukuonyesha njia. Kumi mara kumi ni 100. Ile moja inayopungua mara kumi ni kumi inayopungua, tumebaki na 90. Ile moja ya upande wa pili mara kumi, tena kumi inayopungua, tumebaki na 80. Lakini jibu ni 81! Moja imetoka wapi? Imetoka kwa inayopungua mara inayopungua. Lazima iwe ya kuongeza, la sivyo tisa mara tisa itakuwa 79, na hakuna muuza duka atakayekubali hiyo.

Tulipeleke dukani ili liingie vizuri. Umenunua daftari tisa, kila moja shilingi tisa (bei za zamani hizo, wacha nijifurahishe). Muuzaji anaona uvivu kuhesabu tisa tisa, anafanya kana kwamba ni daftari kumi kwa shilingi kumi, 100. Halafu arekebisha. Daftari moja haikununuliwa, ondoa shilingi kumi. Kila daftari katika zile kumi imezidishwa bei kwa shilingi moja, ondoa shilingi kumi nyingine. Lakini ile daftari ambayo hukununua, umeshaiondoa yote pamoja na shilingi yake ya ziada, halafu ukaja ukaiondolea shilingi mara ya pili. Umeondoa mara mbili kitu kimoja. Mrudishie muuzaji shilingi yake moja. 81.

Hiyo ndiyo hasi mara hasi. Nilipokuwa kidato cha kwanza nilimuuliza mwalimu wangu kwa nini hasi mara hasi ni chanya, akaniambia ndiyo kanuni, kaa chini. Nilikaa chini miaka mingi. Kumbe jibu lilikuwa ndani ya kitabu cha karne ya 9, na linaelezeka kwa daftari tisa.

Lakini hapa nataka tuwe wakweli, kwa sababu kwenye mihadhara na makala zetu twapenda kutia chumvi. Twasikia mara nyingi kwamba Waislamu ndio waliogundua kila kitu. Si hivyo, na haki ya watu wengine si yetu kuichukua. Al-Khawarizmi alijua kuzidisha vinavyopungua, lakini hakukubali namba hasi kusimama peke yake. Kwake yeye, "kumi ila moja" ni sawa, maana kuna kumi ya kupunguziwa. "Ila moja" peke yake, bila kitu mbele yake, haikuwa namba.

Angalia mfano wake maarufu: mali moja na mizizi kumi ni sawa na dirham 39. Kwa maandishi yetu, x² + 10x = 39. Yeye anachora mraba, anauongezea pande, anaukamilisha kwa 25, anapata 64, mzizi wake 8, toa 5, jibu ni 3. Safi kabisa. Ila mlinganyo huu una majibu mawili, na la pili ni −13. Al-Khawarizmi hakulitaja. Utalitajaje, wakati wewe wachora mraba na upande wa mraba hauwezi kuwa −13? Ndiyo sababu aligawa milinganyo yake mafungu sita. Kila alipoona kitu kinachopungua alikihamishia upande wa pili mpaka pande zote mbili zibaki na vitu vya kuongeza tu. Huko kuhamisha ndiko kuunga, ndiyo jabr yenyewe.

Waliotangulia kuzipa namba hasi makao yake ni wengine. China, katika maelezo aliyoandika Liu Hui mwaka 263 juu ya kitabu cha zamani cha hesabu, vijiti vyekundu ni namba za kuongeza na vyeusi ni za kupunguza. India, Brahmagupta mwaka 628 aliandika kanuni kamili kwa lugha ya mali na deni: deni mara deni ni mali, deni mara mali ni deni, ukiondoa deni kwenye sifuri unabaki na mali. Hao hawakuwa Waislamu, na heshima yao wapewe. Ila ya Baghdad ni kwamba ilichukua kutoka kwa Wahindi, kutoka kwa Wagiriki, ikakaa nayo, ikauliza maswali, ikasonga mbele. Kwangu mimi hiyo ni sifa kubwa kuliko kudai tumezaliwa tunajua.

Na walisonga kweli. Abul Wafaa Al-Buzjani alizaliwa mwaka 940 huko Buzjan, Khurasan, akaja Baghdad. Aliandika kitabu cha hesabu kwa ajili ya makarani na wafanyabiashara, watu wa kalamu na watu wa soko. Humo anatoa njia ya kuzidisha namba ndogo. Ukitaka 3 mara 5, tazama 5 imepungukiwa na ngapi kufika kumi: 5. Itoe kwenye 3. Tatu toa tano! Wengine wote wangesimama hapo. Yeye akasema hiyo ni deni la mbili, na neno alilotumia ni dayn, hili hili letu la deni. Zidisha kumi, ni deni la ishirini. Halafu chukua kinachopungua kwenye 3 kufika kumi, yaani 7, mara kinachopungua kwenye 5, yaani 5, ni 35. Ukiwa na 35 na una deni la 20, umebaki na 15. Na kweli 3 mara 5 ni 15.

Mfanyabiashara haoni ajabu yoyote hapo. Nenda Marikiti ukamwambie mtu ana shilingi 35 na anadaiwa 20, atakwambia hali yake kabla hujamaliza sentensi. Lakini kwenye daftari la shule mtu yule yule aliandikiwa 35 + (−20) anaanza kutafuta kalkuleta.

Sasa nifike kwa mtu ambaye mimi binafsi nampenda kuliko wote katika habari hii, na ambaye vijana wetu karibu hawamjui. Anaitwa As-Samaw'al bin Yahya Al-Maghribi. Alizaliwa Baghdad karibu mwaka 1130. Baba yake alikuwa mwanachuoni wa Kiyahudi aliyetoka Maghrib, mama yake alitoka Basra. Alianza na elimu ya dini ya wazazi wake, halafu akiwa kijana wa miaka kumi na tatu hivi akaingia kwenye hesabu ya Kihindi, falaki na utabibu. Kufika miaka kumi na minane alikuwa amesoma vitabu vikubwa vya jabr vilivyopatikana, vya Abu Kamil na vya Al-Karaji, na sehemu kubwa alisoma mwenyewe, kwa sababu waliomzunguka hawakuweza tena kumfundisha. Akiwa na miaka kumi na tisa akaandika kitabu chake, Al-Bahir, yaani chenye kung'aa.

Kumi na tisa. Umri wa wewe uliyemaliza kidato cha nne juzi na umekaa barazani unasubiri.

Baadaye aliishi kwa utabibu, akizunguka nchi. Mwaka 1163, akiwa Maragha, kaskazini ya Iran ya leo, alisilimu. Alikuwa amechelewa kufanya hivyo kwa sababu hakutaka kumvunja moyo baba yake. Alipomwandikia barua kumweleza, mzee alifunga safari kumfuata mwanawe Halab, akafariki njiani. Sina la kuongeza juu ya hilo. Ni maisha ya mtu, na kila mwenye mzazi ataelewa.

Turudi kwenye kitabu. As-Samaw'al alifanya jambo ambalo Al-Khawarizmi hakulifanya. Alichora jedwali. Kila safu ni daraja yake: safu ya namba tupu, safu ya x, safu ya x², safu ya x³, na kuendelea. Chini ya kila safu aliandika ni ngapi, na kama haipo aliweka sifuri. Sasa ukiwa na jedwali kama hilo, unapotoa mlinganyo mmoja kwenye mwingine, kuna safu itakuwa tupu na wewe wataka kutoa 5 kutoka humo. Utafanyaje? Yeye akaweka kanuni wazi. Kinachoongezeka alikiita zaid, kinachopungua alikiita naqis. Zaidi na nakisi, Mswahili wangu! Ukitoa zaidi kutoka safu tupu, hiyo namba inabaki humo ikiwa nakisi. Ukitoa nakisi kutoka safu tupu, inabaki ikiwa zaidi. Nakisi mara zaidi ni nakisi. Nakisi mara nakisi ni zaidi.

Nakuomba usome tena ile kanuni ya safu tupu, maana ndani yake ndimo mna dawa ya yule kijana wangu wa nyoka.

Tatizo la kamstari haka ni kwamba kanafanya kazi tatu na hakabadilishi nguo. Ukiandika 5 − 3, kanasema ondoa. Ukiandika −3 peke yake, kanasema hii ni nakisi, ni deni. Ukiandika −x, kanasema geuza: chochote kilichomo ndani ya x, kipindue. Hiyo ya tatu ndiyo iuayo. Mwanafunzi akiona −x moyo wake wamwambia hii ni namba hasi. Si lazima! Kama x ni −4, basi −x ni 4. Toa deni la nne kutoka safu tupu, unabaki na mali ya nne. Wazee wa zamani kwa maneno yao marefu hawakuchanganyikiwa hivi, kwa sababu "ila" ilikuwa neno moja na "deni" neno lingine. Sisi tumerithi ufupi, na ufupi una gharama yake.

Alama zenyewe za + na − zilichapishwa mara ya kwanza kwenye kitabu cha Johannes Widmann, Ujerumani, mwaka 1489. Ile f(x) ya fanksheni ilienezwa na Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, katika karne ya 18. Fanksheni isikutishe. Ni kinu. Unatia mahindi juu, unapokea unga chini. Kinu cha f(x) = −x² + 2x + 3 kinasema: chochote utakachonitilia, kwanza nitakizidisha chenyewe kwa chenyewe nikitoe kwenye safu tupu, kisha nitaongeza mara mbili yake, kisha nitaongeza 3.

Sasa tutie −2. Jambo la kwanza, itie ikiwa ndani ya mabano, kama mahindi ndani ya gunia. Usiyamwage. Andika −(−2)² + 2(−2) + 3. Mwenye kujizidisha ni −2 mzima mzima, na alama yake: nakisi mara nakisi, ni zaidi, 4. Halafu ile mainasi ya mbele, ambayo ni ya kinu na si ya mahindi, inasema toa hiyo 4 kwenye safu tupu: −4. Mara mbili ya −2 ni −4. Ongeza 3. Jibu −5.

Kijana wangu alipobonyeza −2² bila mabano, kalkuleta ilielewa: chukua 2, izidishe yenyewe, halafu toa kwenye safu tupu. Yaani 0 − 2², ambayo ni −4. Haikukosea. Ilijibu swali ambalo yeye hakukusudia kuuliza. Makubaliano ya hesabu ni kwamba kipeo kinashika kilicho karibu yake kwanza, na mainasi yangoja zamu yake. Ukitaka mainasi iingie ndani pamoja na 2, ifungie mabano.

Na usidhani ni watoto tu. Wale wanaofanya kazi za ofisini na programu ya Excel wajaribu wenyewe. Ukiandika =-3^2 Excel inakupa 9. Ukiandika =0-3^2 inakupa −9. Waliotengeneza programu ile waliamua mainasi ya mwanzo ishikamane na namba kabla ya kipeo, kinyume na vitabu vya shule na kinyume na kalkuleta nyingi. Mhasibu asiyelijua hilo anaweza kupotosha hesabu za mwaka mzima. Mabano, jamani. Mabano hayauzwi.

Tuifanyie kazi hiyo ile −13 aliyoiacha Al-Khawarizmi. Andika f(x) = x² + 10x − 39, utie −13. Ukisahau mabano utaandika −169 − 130 − 39, utapata −338, utasema −13 si jibu, na utakuwa umekubaliana na mtu wa karne ya 9 kwa sababu isiyokuwa yake. Ukifunga mabano: (−13)² ni 169, 10(−13) ni −130, toa 39, inabaki sifuri kamili.

Kosa lile lile lina ndugu yake kwenye fomula ya milinganyo ya kipeo cha pili. Chukua 2x² − 5x − 3 = 0. Hapo b ni −5. Fomula inaanza na −b, na mwanafunzi anaandika −5 kwa sababu ameona b ina mainasi na anadhani ndiyo hiyo hiyo. La. Moja ni ya b, nyingine ni ya fomula, kwa hivyo −b ni 5. Halafu b² ni 25, kamwe si −25. Halafu −4 mara 2 mara −3 ni 24, ya kuongeza. 25 na 24 ni 49, mzizi wake 7. Tano ongeza saba gawa kwa nne ni 3, tano toa saba gawa kwa nne ni −½. Aliyeandika −25 atapata −1 chini ya alama ya mzizi, kalkuleta itagoma, na atatoka chumba cha mtihani akisema swali lilikuwa na kasoro.

Ulaya nayo ilipata taabu, na hapa sitakaa sana. Fibonacci wa Pisa alijifunza hesabu ya Kihindi akiwa kijana huko Bijaya, Algeria ya leo, na katika kitabu chake cha 1202 alikubali jibu hasi pale tu lilipoweza kuelezwa kama deni. Cardano wa Italia mwaka 1545 alizitumia lakini akaziita namba za kubuni. Descartes mwaka 1637 aliziita mizizi ya uongo. Mwaka 1758 Francis Maseres huko Uingereza aliandika kitabu kuzipinga, na mwaka 1796, miaka zaidi ya mia sita baada ya kijana wa miaka kumi na tisa kuandika kanuni zake Baghdad, Mwingereza mwingine, William Frend, alikuwa bado anataka zifutwe kwenye aljebra. Hawa walikuwa wasomi wa vyuo vikuu. Nasema hivi ili mzazi anayemgombeza mtoto kwa mainasi moja apunguze sauti.

Yule kijana nilimwambia habari za As-Samaw'al siku ile ile, kwa kifupi, kuliko nilivyokueleza wewe. Hakusema kitu. Alivuta daftari, akafuta safu tatu za kushoto, akaandika mabano. Pale x = −1 akapata 0. Pale −2 akapata −5, akageuka akaangalia upande wa kulia, akaona pale x = 4 pia pana −5, akatabasamu. Pale −3 akapata −12. Akachukua penseli akaanza kuchora kilima chake, kilele kiko pale 1, pande zote zinashuka sawasawa, mpaka alipofika kushoto kabisa akasimama. Alikuwa ameanzia mstari wake chini mno. −12 haikupata nafasi.

"Mwalimu, yatoka nje ya karatasi."

Nikamwambia abandike karatasi nyingine chini. Adhana ikatukuta tukitafuta gundi.